Nilimwanika Dada Mtandio

Admin, jina langu usilitaje popote, maana anayenitisha huenda naye anasoma ukurasa huu.

Nina miaka thelathini na moja, ni fundi cherehani, naishi Uyole hapa Mbeya na mume wangu na binti yetu. Kwetu ni Iringa, nimezaliwa na kukulia Kihesa. Naandika kwa haraka, mtanisamehe nikikosea.

Mwaka jana nilikuwa nashona huku simu inapiga nyimbo yenyewe, ikaniletea video ya dada mmoja anapiga gitaa, uso ameufunika kwa mtandio, yanaonekana macho tu. Aliimba Kiswahili, kwenye kiitikio akaingiza Kihehe. Nilisimamisha cherehani. Kwa mtu aliyeolewa mbali na kwao, kusikia lugha ya mama yake kwa sauti kama ile si jambo dogo. Wakati huo alikuwa na wafuasi wachache sana. Hakuwahi kutaja jina lake, sisi mashabiki ndio tukamwita Dada Mtandio. Nikawa nashea kila wimbo wake, nikafungua grupu la mashabiki, watu wakamiminika mpaka tukafika maelfu. Nilijisikia kama vile mimi ndiye niliyemgundua.

Basi grupuni wakaanza kubishana huyu dada ni nani na anaishi wapi. Wengine Njombe, wengine Songea. Siku moja akaweka wimbo aliourekodi nje, na nyuma yake nikaona geti la nyumba na jiwe kubwa lililopasuka katikati. Jiwe lile nimeteleza juu yake utotoni mpaka nguo zikachanika nikachapwa. Palepale nikaandika kwamba yuko Iringa, Kihesa, jirani na mashine ya kusaga, na hata nyumba naijua. Siku nzima watu walinisifu. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikujiuliza, kwa nini mtu aimbe amefunika uso.

Baada ya siku mbili mwanaume mmoja akaja inbox. Alisema anaandaa matamasha, anataka kumleta Dada Mtandio aimbe Mbeya ila akimwandikia hajibu. Aliandika kwa adabu, ananiita dada yangu. Nilimwelekeza kuanzia barabara kuu hadi rangi ya geti. Nikampa na namba yangu ili akipotea anipigie, nikamwambia mimi ni fundi, niko Uyole, gauni la tamasha nitamshonea bure. Akashukuru, halafu akauliza, "Bado anavaa mikono mirefu kuficha lile kovu?"

Ni kweli kwenye kila video huwa amevaa mikono mirefu, lakini kovu hatujawahi kuliona. Nikamuuliza yeye amelijuaje.

"Huyo ni mke wangu," akajibu. "Asante kwa msaada."

Nilimwandikia yule dada, lakini ujumbe wangu ulibaki haujasomwa, ulizama kwenye maelfu. Ndipo nikampigia shangazi yangu ambaye bado anaishi Kihesa, nikamwambia ukweli wote. Shangazi aliacha ugali jikoni akaenda mbio. Alinisimulia baadaye kwamba alimkuta anafua, na alipomwambia kuna mwanaume anamtafuta, hakuuliza ni nani. Aliacha nguo kwenye beseni, akachukua begi na gitaa. Aliuliza jambo moja tu: "Miaka mitatu alikuwa hajanipata. Nani amemwonyesha?" Shangazi alishindwa kunitaja, akasema ni mtu asiyejua. Akampeleka mahali pa kumsitiri, na mimi nilimwomba asiniambie ni wapi.

Kesho yake yule mwanaume akafika. Mama mwenye nyumba akamwambia mpangaji amehama. Hakufanya fujo. Alikaa pale kwenye jiwe hadi jioni, anauliza kila anayepita.

Kisha akanipigia. Hakufoka, aliongea taratibu kama mteja.

"Fundi, ulinielekeza vizuri sana. Sasa nielekeze tena. Yeye nikimkosa, wewe sitakukosa, Uyole siyo kubwa."

Wiki iliyopita mama wa duka la pili kutoka kwangu aliniambia kuna mgeni ameulizia fundi wa kutoka Iringa. Hakuacha kitambaa wala jina. Tangu siku hiyo nashona nimefunga mlango, wateja wanadhani sipo. Binti yangu namfuata shuleni mwenyewe. Pikipiki ikisimama nje naacha mkasi, nasikiliza.

Mume wangu nimemweleza. Amekasirika, anataka nifute grupu, nifute meseji zote, nibadilishe laini, mambo ya ndoa za watu tuachane nayo. Simlaumu, anaogopa kwa ajili yetu. Lakini shangazi ameniletea ujumbe kutoka kwa Dada Mtandio. Anataka kwenda polisi, dawati la jinsia, na maneno ya huyo mwanaume aliyoyaandika kwa mkono wake yako kwenye simu yangu. Anaomba niende Iringa nisimame naye. Nilimuuliza shangazi kama dada amenikasirikia.

"Hajasema," shangazi alijibu. "Amesema tu uje na simu."

Meseji bado sijazifuta. Mume wangu amesema nikipanda basi kwenda Iringa, nitakalokutana nalo ni langu peke yangu. Na kule grupuni kila siku mashabiki wananiuliza mimi, kiongozi wao, Dada Mtandio amehamia wapi, mbona kimya. Kuna majina mapya yanaingia kila asubuhi na sijui lipi kati ya hayo ni la yule mwanaume.

Ndugu zangu, naombeni ushauri, niende au nifute? Nitasoma kila mtakachoandika. Ila kama kuna mtu amemwona au anajua alipo, nawasihi, msiandike hapa.