Sekunde Kumi na Tisa za Hajja Zhor

Kazini walimsifu Maysun kwa sikio lake. Mteja wa Irbid alikuwa hajamaliza hata kuguna, yeye keshajua kama ameridhika au anatafuta shari. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na moja, mama wa kijana mmoja, Laith, mwenyeji wa Zarqa, na kwa miaka sita alikaa na hedifoni kichwani katika ghorofa ya nne jijini Amman, Yordani, akiwasikiliza watu ambao mabomba yao yamepasuka au umeme wao umekatika. Kampuni ilikuwa na programu ya simu: unabonyeza, fundi anakuja mlangoni.

Mwaka ule wakubwa wakaamua kuingia Moroko. Walikwenda Casablanca mara mbili, wakarudi na picha na vyungu vya tajini vya kupamba ofisi. Mafundi waliandikwa kulekule. Wapokea simu wakabaki Amman.

"Wao Waarabu, sisi Waarabu," alisema meneja, Ustadh Raghib. "Tofauti ni lafudhi tu."

"Ustadh, mimi nikitazama tamthilia zao nasoma maandishi ya chini," Maysun akasema, na chumba kizima kikacheka.

"Utazoea, Mama Laith. Wewe si ndiye mwenye sikio?"

Waliletewa mwalimu kwa siku mbili, Latifa, mwanamke wa Kimoroko aliyeolewa Amman. Akawaambia, "Haya, niulizeni." Wakamuuliza kila neno lililowachanganya, wakapata maneno sitini, yakapigwa chapa na kubandikwa ukutani. Maneno waliyoyajua hawakuyauliza. Nani anauliza maana ya neno analolijua tangu utotoni?

Mwezi wa pili wa kazi hiyo, alasiri moja, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Meknes. Sekunde kumi na tisa. Sauti ya bibi, tulivu, yenye mkwaruzo kidogo, na nyuma yake runinga inaimba. Maysun alikuwa na jumbe arobaini za kumaliza kila saa. Alidaka "mwanangu", akadaka "fundi", akadaka "chini", na mwishoni "Mungu akulipe kheri". Katikati bibi alitamka mara mbili neno "afya". Amman hupiti mbele ya mtu anayefanya kazi usimwombee afya; hata kondakta anaombewa. Basi Maysun akaona huyu ni mzee mwenye adabu anayeshukuru. Akabonyeza "Mteja ameridhika", akaenda kwenye ujumbe uliofuata.

Kesho yake akapokea simu ya mwanamke aliyejitaja kwa jina la Ghizlan. Alizungumza Kiarabu cha vitabuni, neno moja moja, kama anayepanda ngazi na mzigo.

"Nyumba ya mama imeungua jana. Yeye yuko hospitali. Simu yake imeyeyuka. Jirani anasema aliwatumia ujumbe. Alisemaje? Nanyi mlimjibu nini?"

Maysun akautafuta. Chini ya ule ujumbe lilikuwapo jibu ambalo mashine hulituma yenyewe: picha ya ua jekundu, na maandishi, "Tumefurahi kwamba umefurahi."

"Dada, nipe muda," akasema. "Nitakupigia."

Hakumpigia. Alimpigia Latifa, akamchezea ile sauti. Latifa akasema, "Rudia." Akarudia.

"Mama Laith," Latifa akasema taratibu, "kwetu afya ni moto."

"Moto gani?"

"Moto. Huu wa kuunguza. Bibi anasema: 'Mwanangu, fundi ameondoka sasa hivi, na moto unatoka chini ya hita ya maji. Si moto mkubwa. Niuzime vipi? Mungu akulipe kheri.'"

"Mbona hukutuambia?"

"Mbona hamkuniuliza?" Latifa akaanza kulia. "Kwetu kila mtu anajua kwamba nyinyi mnasema vingine. Nilidhani nanyi mnajua."

Baina ya ujumbe na mtungi wa gesi kulipuka zilipita saa mbili. Hajja Zhor, mama yake Ghizlan, alifariki siku ya tatu. Fundi, Abdelilah, alikamatwa.

Ustadh Raghib alimwita Maysun, akafunga mlango.

"Ujumbe ule haupo."

"Upo, Ustadh. Niliusikiliza mimi."

"Nakwambia haupo. Kosa ni la fundi, na fundi si mwajiriwa wetu, anatumia programu tu. Weka sahihi hapa kwamba hatukupokea taarifa yoyote ya hatari."

"Na lile ua, lilimwendea nani?"

Meneja akamsogezea kalamu. "Mama Laith, una kijana chuoni."

Akaweka sahihi. Kabla ya kutoka kazini siku ile alikuwa ameurekodi ule ujumbe kwenye simu yake, na hata yeye hakujua ni wa kufanyia nini. Siku kumi na moja alikaa nao. Alikuwa akienda kusikiliza chooni, mlango umekomewa, akiitafuta hofu katika sauti ile, asiione. Jioni ya siku ya kumi na moja akamtumia Ghizlan, pamoja na maelezo yote, na lile ua.

Ghizlan akapiga.

"Ni wewe uliyesikiliza?"

"Ni mimi."

"Wote? Mpaka mwisho?"

"Wote."

Ghizlan akasema, "Alikuwa ametulia. Alikuwa anangoja mtu amwambie la kufanya."

"Dada, mimi…"

"Usiniombe msamaha, sina wa kukupa. Yule fundi ana wakili. Utamwandikia haya?"

Aliandika. Wiki hiyohiyo akafukuzwa kazi, kwa kutoa siri za kampuni, barua ilisema. Mahakama ya Meknes ilimwachia Abdelilah baada ya miezi saba. Kosa lake halikufutwa, lilipunguzwa tu. Mpira wa gesi alikuwa ameufunga vibaya kwelikweli, na hilo hakuna ujumbe ambao ungelibadilisha. Kampuni ilifunga shughuli zake Moroko. Wakati wa kiangazi wakatangaza kwamba wanaingia Tunisia.

Ofisi nyingine za simu hazikumchukua Maysun. Jina lilikuwa limeshamtangulia. Laith akaacha chuo, akaenda kupachika matairi kwa ami yake. Siku moja, akinawa grisi jikoni, alimwambia bila hasira, "Ungenyamaza tu, mama. Bibi alikuwa ameshakufa."

"Nilinyamaza siku kumi na moja," Maysun akasema. "Nakijua kimya kilivyo."

Laith akafuta mikono, akauliza kama dengu zimeiva. Mama yake akampakulia, akakaa mbele yake, wakala. Kutoka Meknes simu haikulia tena.