Mawe ya Fundi wa Lami

Fundi wa lami alikuwa na mikono myeusi hadi kwenye viwiko na sauti ya mtu anayeongea kanisani. Mwaka ule wa pili wa vita, kila asubuhi mbele ya duka la Mama Kavuo, Butembo, alimwaga lami ya moto, akaikandamiza kwa fremu ya chuma, kisha akaiinua fremu taratibu, na chini pakabaki alama za mawe yaliyopangwa. Halafu alipiga magoti, akagonga kila jiwe kwa nyundo ndogo na kutega sikio, kana kwamba lingeweza kulegea. "Mais fundi, hii hapana mawe," Mama Kavuo alimwambia wiki nzima. "Ni gudroni, lami tu, yenye umechora. Majirani beko na mawe ya kweli, ya mutoni." Fundi alijibu, "Ndiyo, mama," akagonga jingine.

Alhamisi waasi walikuja kutafuta mawe ya kujengea bariyeri yao, kizuizi cha barabarani. Waling'oa ya majirani wote. Mbele ya duka la Mama Kavuo askari wao mmoja aliinama, akatia kucha, kisha kisu cha bunduki, akavuta mpaka kofia ikamdondoka. Akaondoka akinung'unika kwamba watu wa hapa wanajenga kupita kiasi. Fundi akarudi pale pale, akagonga, akatega sikio, akatikisa kichwa. "Mama, jiwe moja imelegea."

Mama Kavuo alivua viatu asije akayalegeza mengine, akaenda kuinama kando yake. "Iko wapi?"