Chuo cha Juu na Fisi wa Songwa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa Geita, akaniuliza swali nililolisubiri tangu siku niliyovaa joho.

"Wewe msomi, chuo kipi ni cha juu kwa mambo ya mifugo?"

Binti yake, yaani mpwa wangu, alikuwa amekubaliwa na vyuo viwili na alitakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya Ijumaa kwisha. Baada ya hapo nafasi ya pili ingepotea. Kwa miaka yote ya usomi wangu, ukoo haujawahi kunitaka ushauri wowote zaidi ya namna ya kubadilisha lugha kwenye simu. Nikafurahi kupita kiasi. Nilifungua mtandaoni orodha ya vyuo bora duniani kwa sayansi ya wanyama na tiba ya mifugo, nikateremka kwa kidole. Kimoja nilikiona mapema, huko juu. Kingine nilikitafuta hadi chai ikapoa, sikukiona. Nikampigia shemeji nikamtajia cha juu. Hata viazi sokoni huwa navichagua kwa muda mrefu zaidi.

Jumatano akapiga mpwa mwenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

"Mjomba, umenimaliza."

Chuo changu cha juu kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea sayansi ya wanyama: malisho, mbegu bora, maziwa. Kile ambacho sikukiona ndicho kilichompa udaktari wa mifugo. Na yeye anautaka udaktari tangu ugonjwa wa ndigana ulipoingia kwenye zizi lao pale Mhunze, na daktari akafika kwa pikipiki wakati ng'ombe wameshachunwa ngozi. Orodha ile imeweka mambo yote mawili kwenye kapu moja. Nami sikuuliza mtoto amepewa nini, wala anataka nini.

"Mwambie baba yako nimekosea."

"Baba ameshawatangazia wenzake wa ngoma. Anasema neno la msomi halirudi nyuma. Njoo ulirudishe mwenyewe."

Alhamisi alfajiri nikapanda basi. Sikuweza kutulia. Nilikaa dirishani, nikahamia upande wa pili, abiria wa nyuma akaniuliza kama nina upele. Basi liliposimama Segese, wachimbaji wawili walikuwa wakibishania jiwe, mmoja anaapa lina dhahabu, mwenzake anacheka. Wa tatu akawakatiza: "Lisagwe, tuone." Nikarudi kwenye simu kusoma, kwa kuchelewa, jinsi orodha za vyuo zinavyotengenezwa. Hakuna anayekuja kusaga kitu. Wanahesabu machapisho ya watafiti, wanahesabu yametajwa mara ngapi na watafiti wengine, halafu wanawauliza wasomi wa dunia ni vyuo gani wanavyoviona bora. Msomi anataja vyuo alivyovisikia. Na anavyovisikia ni vile vilivyomo kwenye orodha. Niliguna kwa sauti. Maandishi yangu mimi hunukuliwa na mke wangu peke yake, tena tukigombana.

Nilipofika Mhunze nilimkuta shemeji uani, amevaa fulana ya kundi lake la ngoma. Mashindano yalikuwa yamekaribia. Kwetu Usukumani makundi mawili hucheza uwanja mmoja, saa ileile, kila moja na ngoma zake. Hakuna jaji. Jua likielekea kuzama, kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda.

"Shemeji! Umekuja kumpongeza mtoto?"

"Nimekuja kurekebisha nilichokisema."

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akatikisa kichwa. "Chuo kisichoonekana hata kwenye orodha kitamfundisha mtu nini? Nikiulizwa ni cha ngapi, nijibuje?"

Mpwa wangu alikuwa akipepeta choroko karibu na mlango. Hakuinua macho. "Baba, mwaka jana pale Songwa mlishinda?"

"Unajua tulishindwa."

"Mlicheza vibaya?"

"Vibaya?" Shemeji akasimama. "Nani alicheza vibaya? Manju wetu hana mpinzani! Wenzetu walileta fisi. Fisi mzima, na kamba shingoni! Uwanja wote ukahamia kwao."

"Kwa hiyo wao ndio wanaojua kucheza."

"Wana fisi! Kucheza hawajui!"

"Sawa." Akanigeukia. "Mjomba, hicho chuo cha juu, fisi wao ni nini?"

Ningejibu kwa neno moja mambo yakaisha. Lakini usomi ni ugonjwa. Nikasema fisi wao ni machapisho, na kwamba si fisi wa kudharau, maana chanjo ya ndigana haikuokotwa porini, ilitokana na watu wa maabara walioandika na kusomwa na wenzao. Nikaona uso wa binti unasinyaa. Nimesafiri kutoka Geita kuja kumwokoa, nami namzamisha.

"Umesikia?" shemeji akasema. "Mjomba wako mwenyewe."

"Ngoja," nikasema, safari hii nikiwa nimesimama na mimi. "Orodha inapima utafiti wa chuo. Haisemi nani atakuwa pembeni ya mwanafunzi siku atakapoingiza mkono kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Na kozi aliyopewa kule juu haitamfanya daktari, hata chuo kiwe cha kwanza duniani."

Shemeji hakulainika. Ndipo dada yangu aliposema kutoka jikoni, bila kutoka nje:

"Baba Mwali, fisi alipoletwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Uwanjani."

"Upande gani wa uwanja?"

Shemeji akajikuna shingo. "Nilikwenda kuangalia tu."

"Na fulana hiyohiyo?"

"Kidogo tu. Nikarudi."

"Na hesabu ikakukuta hukohuko," dada akasema, na sufuria likafunikwa.

Binti ndiye aliyeanza kucheka, akajificha nyuma ya ungo. Shemeji alijaribu kukasirika, ikashindikana. Mimi nilicheka kidogo kuliko wote, maana Jumatatu, na chai yangu mkononi, nilikimbilia upande uleule.

"Haya, ng'wanawane," shemeji akasema mwishowe, yaani mwanangu. "Thibitisha huo udaktari. Ila jioni tuna mazoezi, na mjomba wako atakwenda na mimi. Wenzangu watamsikia yeye, si mimi."

Alithibitisha palepale. Ujumbe wa chuo uliporudi aliusoma kwa sauti, akaurudia, akafuta mikono iliyokuwa mikavu, akaendelea na choroko.

Jioni nilimfuata shemeji kuelekea mazoezini, nikipanga maneno ya kuwaambia watu wazima wenye ngoma kwamba msomi amebadili kauli. Ngoma zilikuwa zimeshaanza kusikika. Nikabaki nyuma hatua chache, nikaitoa simu, nikafungua tena ile orodha, nione kama kile chuo chetu cha udaktari hakijaingia tangu Jumatatu.