Bastola ya bei rahisi iliyomkosesha Verlene wateja

Mvua ya Machi inapiga bati la karakana. Verlene Stiltner (61), fundi wa silaha, anaibana bastola kwenye jiliwa, anaifuta grisi nzito iliyopakwa ghalani kuzuia kutu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ni masalio ya jeshi la Bulgaria. Mpini mpya, wa mti wa jozi, ameshauchonga. Anaupiga msasa taratibu.

"Hii ni yangu mwenyewe," anasema. "Za wateja hakuna tena."

Hadi vuli iliyopita, wachimba makaa wa bonde hili la Kentucky walimletea bastola kama hizo. Walizinunua kwa dola mia mbili hivi, theluthi ya bei ya mpya. Yeye alizitoa kutu, akaziwekea mipini inayokaa mkononi na vilenga shabaha vinavyoonekana hata kwa macho ya uzeeni. Kila mpini aliuchora herufi V.

Jirani yake, Denzil Ratliff, alileta ya kwake. Aliipenda ilivyotoka, ila akataka kifyatulio kilegezwe zaidi.

"Nikikilegeza zaidi, ukiiangusha itafyatuka yenyewe," Verlene alimwambia.

"Aa, mama, unazeeka. Woga umekuingia."

"Basi peleka kwingine. Hapa haifanyiki."

Denzil hakuipeleka kwingine. Aliifungua kwenye meza ya jikoni, akakisugua kifyatulio kwa tupa huku akifuata video ya mtandaoni. Siku chache baadaye ilimponyoka, ikaanguka sakafuni, ikalia. Risasi ilimvunja mguu binti yake Maylee, mtoto wa miaka tisa.

Hospitalini mkewe, Tressa, alimuuliza nani aliichezea silaha ile. Denzil akajibu: "Verlene."

Sherifu aliikabidhi kwa fundi wa mbali aikague. Mikwaruzo ya tupa ilikuwa ya mkono usiojua kazi, na Denzil mwenyewe akakiri. Verlene hakushtakiwa. Lakini ukweli huo uliishia ofisini. Uongo ulikuwa umeshazunguka bonde zima. Dukani watu wanaacha kuongea akiingia. Kanisani anakaa benchi zima peke yake.

Alimvizia Denzil kituo cha mafuta.

"Waambie watu, Denzil. Hata mkeo tu."

"Nikimwambia, Tressa anaondoka na mtoto. Wewe utapoteza nini, mama? Huna mume, huna mtoto."

Verlene anaweka msasa chini anaporudia maneno hayo. "Jina langu nimelijenga miaka thelathini," anasema. "Yeye kaona si kitu."

Alipopigiwa simu na gazeti hili, Denzil alisema, "Muulizeni sherifu," akakata.

Verlene anajua kwamba Tressa atayasoma haya. Anaulizwa kama hilo halimsumbui.

"Linanisumbua. Silali vizuri. Ila na asome."

Kiangazi kikifika atauza mashine zake na kubaki na vyombo vya kuchongea mipini ya visu, kazi ambayo anaona haitampa mtu nafasi ya kumsingizia.

Maylee anatembea kwa gongo sasa. Akimwona Verlene, anavuka barabara.

"Akikua kidogo, natamani aje aniulize mwenyewe," anasema Verlene. "Nitamkalisha hapa nimweleze. Baba yake sitamtukana; hayo watamalizana wao. Mimi nataka tu siku moja anipite upande huuhuu wa barabara, aseme hujambo."