Pole Moja, Pole Mbili

Bosi wangu wa Jeddah alikuwa mtu wa yalla, yaani haraka, twende. Yalla kahawa, yalla gari, yalla hata kwa taa za barabarani, kana kwamba zinamsikia. Waarabu wana msemo kwamba haraka hutoka kwa shetani, naye aliutaja mara nyingi, hasa akiwa tayari amechelewa.

Siku moja binti yake alimwonyesha picha za magofu ya Wainka kule Peru: siku nne kwa miguu kwenye njia za kale za mawe, kiongozi mbele, wapagazi nyuma. Nilicheka kimoyomoyo nikiwa nimeshika usukani. Mzee wa miaka sitini na mbili, mkazi wa mtaa wa Al-Hamra, ambako kilima kirefu kuliko vyote ni daraja la magari!

"Mtoto anaolewa mwaka huu," aliniambia. "Ameniomba hii tu. Wewe si ulikuwa mtu wa mlima?"

Nilikuwa. Kabla wakala hajanileta Riyadh, na baadaye Jeddah, nilipandisha wageni Mlima Kenya miaka tisa. Baba yangu mzazi ndiye aliyenifunza. Alibeba mizigo ya watu mpaka mgongo ukapinda, na wakati huo alikuwa kitandani kule Naro Moru, mapafu yamechoka. Niliomba ruhusa nikamwone. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alipiga hesabu zake tu. Kabla ya safari alinihitaji nimfunze, na akiwa safarini madam, mkewe, angebaki bila dereva.

"Nikirudi, siku hiyohiyo unapanda ndege," alisema. "Halas, imekwisha."

Basi tukaanza na ngazi za jengo lake lililokuwa halijaisha, kila alfajiri. Ijumaa tulipanda njia ya mawe iliyopitwa na ngamia zamani, kwenye milima ya kuelekea Taif. Mimi ni Mkristo, kwa hiyo tulizunguka kwa barabara isiyoingia Makka. Bosi hakuwahi kuipita maishani mwake, akailalamikia kila kilomita.

Huko mlimani niligeuka mimi kuwa bosi, na sikatai kwamba nilifurahia. Sheria ilikuwa moja: hakuna kumpita kiongozi. Akinikaribia kisigino nilimwambia, "Polepole, Baba," maana ndivyo sisi wafanyakazi tulivyomwita. Alilipenda neno hilo, polepole. Alilitamka kama mtoto aliyepewa peremende, kisha akaongeza mwendo.

Ijumaa ya tatu, siku kumi kabla ya safari, alinipita. "Yalla!" akanitania, akapotea kwenye kona. Nilipomfikia alikuwa ameketi juu ya jiwe, midomo imepauka, ametapika.

"Pole, Baba," nilisema, nikimpa maji.

Alipopata pumzi akanitazama. "Leo moja? Kila siku unasema mbili."

"Mbili ni za mtu ambaye hajaumia," nilimjibu. "Moja ni ya aliyekwisha kuumia."

Akacheka, lakini kidogo. Kisha akauliza, "Niambie kweli. Niko tayari?"

Nakiri kwamba nilitaka kusema yuko tayari. Neno moja tu, naye angeondoka, angerudi, nami ningekuwa kando ya kitanda cha baba. Lakini niliwahi kumshusha mgeni mgongoni, mtu wa haraka kama huyu, na nilihisi pumzi yake ikikatika shingoni mwangu mpaka tulipofika chini. Aliponea chupuchupu.

"Mafi, Baba, hapana," nilisema. "Bado mwezi mmoja."

Akaahirisha safari. Niliendesha gari kurudi Jeddah nikiwa nimeukasirikia ulimi wangu mwenyewe. Nilipompigia baba simu kumweleza, alikohoa kwanza, ndipo akasema, "Umefanya vizuri. Mgeni hapandishwi kwa uongo. Mimi nitakungoja."

Mwezi ulipoisha, bosi alikuwa anapanda ngazi zote bila kusimama, na bila kunipita. Wakaondoka, yeye na binti yake. Siku ya pili ya matembezi binti yake alinitumia picha: wako juu kabisa ya njia, ukungu kila upande, na mzee yuko nyuma ya kiongozi. Nyuma! Nilifurahi kana kwamba aliyepanda ni mimi. Nikamtumia kaka yangu picha hiyo amwonyeshe baba.

Kaka hakujibu kwa maandishi. Alipiga simu. Baba alikuwa amefariki asubuhi ile, kabla ya picha kufika.

Sikuwaambia wakiwa mlimani. Niliwaza kwamba mtu mwenye habari mbaya hutembea vibaya, na bado walikuwa na mteremko. Nilimpeleka madam sokoni, nikaosha gari, nikalia ndani ya gari.

Nikawapokea uwanja wa ndege. Bosi alitoka amekonda, amebabuka pua kwa jua, akija kwa hatua fupifupi za makusudi ili nione. "Polepole!" alinipazia sauti kutoka mbali. "Na baba yako? Leo ndiyo siku yako, tiketi tayari."

Nikamwambia.

Akasimama, mkoba ukamshuka begani. Watu walitupita pande zote na mikokoteni yao. Hatimaye akaniwekea mkono begani.

"Pole," alisema.

Nilisubiri ya pili, kwa mazoea. Haikuja.