Kinyozi wa Dirishani

Simu iliita asubuhi, maji ya chai hayajachemka. Alikuwa jirani mfuga kuku, yule ambaye banda lake limeegemea ukuta wa nyumba ya baba.

"Mwanangu, mimi si mtu wa maneno," alianza, na hapo hapo Kengele akajua maneno yanakuja. "Lakini baba yako anapokea watu. Kila siku. Tena wanapanga foleni."

"Foleni ya nini, mama, wakati huu wa korona?"

"Mwenye baba ni wewe, unaniuliza mimi?"

Kengele akatafuta kiti akakaa. Kengele si jina alilopewa siku ya kuzaliwa. Baba yake alimbandika akiwa na miaka mitano, kwa sababu alikuwa mtoto wa kulia kabla jambo halijatokea. Wingu likipita, yeye ameshaanua nguo. Uji ukitikisika, yeye ameshaleta kitambaa. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minane, mume na watoto watatu, na bado hakuweza kutoka nyumbani bila kurudi mara mbili kuhakikisha jiko limezimwa.

Na baba ndiye huyo mmoja tu. Mgane wa miaka sabini na tisa, kinyozi aliyestaafu, mwenye kifua ambacho hata vumbi la ufagio hukitibua. Walikuwa hawajaonana miezi minne, ni simu tu. Na kwenye simu mzee alisema kila siku, "Nipo tu, mwanangu, naangalia dirishani."

Kufikia saa nne, Kengele na mdogo wake wa kiume walikuwa wamekata shauri: baba ahamie kwa Kengele mpaka ugonjwa uishe. Watoto walihamishiwa sebuleni na magodoro yao. Kitanda kikatandikwa shuka mpya. Mdogo wake angekuja na gari jioni kuwachukua.

"Unamjua mzee," mdogo wake alimwambia. "Akikataa?"

"Nitambeba mgongoni," alijibu Kengele, akavaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, akaenda kwa miguu mwendo wa saa nzima na nusu ili asipande basi na watu.

Alipoingia mtaa aliozaliwa alikutana na muuza mkaa. Kwa mbele nywele zake zilikuwa kichaka, ndege angeweza kutaga. Walipopishana Kengele aligeuka, maana yeye kila kitu hukiangalia mara mbili, akaona kisogo cheupe kama yai lililomenywa. Akajisemea, labda ndio mtindo wa sasa. Mbele kidogo akamwona mwalimu wa hesabu, mtu mzima na miwani yake. Mbele kichaka, nyuma yai. Mtindo gani huu unaowapata hadi walimu?

Kisha akaja mtangazaji wa mtaa na kipaza sauti chake. "Kaeni nyumbani! Msikusanyike! Saluni zote zimefungwa mpaka mtangaziwe!" Alipogeuza mgongo kuelekea kona, Kengele akasimama pale pale. Kisogo kilikuwa kimenyolewa, na chini yake, shingoni, palikuwa na mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Mstari ule aliujua. Utotoni alifagia nywele chini ya mistari kama ile kila Jumamosi. Hakuna mkono mwingine uliokuwa ukiuchora hivyo.

"Baba!" alisema peke yake, akakaza mwendo.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa ndani. Lakini chini ya dirisha la chumba cha mbele palikuwa na stuli, na juu ya stuli fundi bomba, mgongo kwa dirisha, barakoa usoni, shuka shingoni. Mikono miwili iliyokunjamana ilikuwa imetokeza katikati ya nondo, mmoja na mkasi, mwingine na kitana. Barabarani ilichorwa mistari ya chaki, hatua nne kutoka mmoja hadi mwingine, na kwenye kila mstari mtu amesimama kimya kama yuko mtihani.

"Shikamoo baba!"

Mkasi ukasita. "Marahaba. Kengele? Mbona umechelewa? Nilikutegemea tangu mwezi wa kwanza wa kufungiwa."

Foleni ikaelewa. Wa mwisho alikumbuka maji aliyoacha bombani, wa katikati akamfuata. Fundi bomba alitaka kuinuka, kitana kikamgonga kisogoni. "Tulia wewe. Utatoka hapa na sikio moja."

"Baba, saluni zimefungwa!"

"Hii ni saluni? Hili ni dirisha. Mimi nipo ndani kama nilivyoambiwa, na yeye yupo nje. Hakuna kunipumulia. Mgongo kwangu, barakoa usoni, mdomo umefungwa. Ukitaka kuongea, subiri ufike kwako. Mkasi unachemshwa kwenye sufuria la marehemu mama yako kila mtu akiondoka."

"Na mbele? Mbona watu wote mtaani mbele kichaka?"

"Mbele ndiko kwenye pua," alisema mzee. "Mbele mpaka ugonjwa uishe."

Fundi bomba alicheka ndani ya barakoa hadi stuli ikatikisika, akavua shuka akaondoka zake. Kengele alikuwa na hasira, lakini mdomo wake chini ya barakoa mbili ulikuwa unamsaliti. Akapiga moyo konde.

"Baba, fungasha. Jioni gari linakuja. Utakaa kwangu, nikuone kwa macho yangu."

Mzee aliegemea dirisha, akafuta kitana taratibu. "Kwako mnalala wangapi?"

"Watano. Nafasi ipo, nimeshaitengeneza."

"Mwanao mkubwa anafanya nini siku hizi?"

"Anabeba mizigo sokoni."

"Na baba yao bado ni mlinzi?"

"Bado."

"Analinda wapi?"

Kengele alikuwa amefikiria shuka, magodoro, dawa ya kifua, hata upande wa kitanda usiopigwa na upepo. Hili hakulifikiria.

"Geti la hospitali," alisema kwa sauti ndogo.

"Haya. Unanitoa kwenye dirisha unanipeleka kwenye geti." Hakusema kwa kejeli. "Mwanangu, mimi si mkaidi. Nilikaa wiki mbili natazama ukuta, nikaanza kuongea na kuku wa jirani. Mikono hii ikikaa bure inanitetemeka."

Kengele alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike. Hakuwa amekonda. Macho yalikuwa maangavu. Ila nywele zake zilikuwa zimefunika masikio na kushuka shingoni, nyeupe kama pamba iliyopasuka. Huyu ndiye mtu ambaye hakuwahi kutoka nje na shingo isiyochongwa.

"Na wewe nani anakunyoa?"

"Kinyozi hajinyoi," alijibu, na mkono wake ukaenda wenyewe kisogoni, kama mtu anayefunika tundu la shati.

Kengele hakuuliza tena. "Leta sufuria."

"Hujui kunyoa."

"Geuka, baba. Mgongo kwangu, mdomo umefungwa."

Alinawa mikono kwa sabuni mara tatu kwenye ndoo ya mlangoni. Mzee alikaa kwenye kiti ndani, kisogo kwa dirisha, na Kengele akapitisha mikono kwenye pengo la nondo. Pengo lile lilikuwa lake. Akiwa na miaka sita alitumbukiza kichwa pale ili aone kama mvua inakuja, kikanasa, na baba akapinda nondo mbili kwa bomba la chuma kumtoa. Hazikunyooshwa tena. Sasa aligusa kichwa cha baba yake, chenye joto, chenye kovu lile dogo nyuma ya sikio, na kwa kitambo hakukata chochote.

"Umelala?" aliuliza mzee.

"Kimya, mteja."

Alikata polepole, ulimi nje chini ya barakoa. Alipomaliza, mzee alichukua vioo viwili, akajitazama kisogo.

"Mstari huu umechora ukiwa juu ya punda?"

"Ndio mtindo wa sasa."

Mzee alicheka mpaka Kengele akakitegea sikio kifua chake, akisubiri kikohozi. Hakikuja.

Wakakubaliana. Foleni basi: mteja mmoja asubuhi, mmoja alasiri. Mfuga kuku ndiye atakayeita zamu, maana kusema atasema hata asipoombwa. Na kila Jumapili Kengele atakuja kukaa kwenye stuli.

Yuko njiani kurudi, simu ikaita. "Nije na gari saa ngapi?" aliuliza mdogo wake. "Mzee yuko tayari?"

"Usije. Anabaki."

"Nilijua! Amekushinda!"

"Hajanishinda. Nimemnyoa."

"Umemfanyaje?"

"Nyuma tu," alisema Kengele, akitembea bila haraka. "Mbele mpaka ugonjwa uishe."