Simu ya Maganga ya waya wa uzio

Siamini, jamani! Maganga kanitangulia, tena bila kuniaga. Wamemzika leo kule Puge, na mimi nimelala hapa Temeke na nyonga iliyovunjika, hata kugeuka siwezi. Nimekwama.

Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Watani tangu enzi za misafara. Mtani akikosa msibani pako, umezikwa nusu.

Enzi za Ujamaa nilipangiwa kufundisha kwenye kijiji kipya, ng'ambo ya mto kutoka Puge. Huondoki bila kibali, na masika yakianza, mto unafunga njia. Nilikuwa nalia kila jioni. Maganga, jirani yangu pale, anacheka: "Mzaramo, sahau nazi. Hapa utakula michembe, viazi vikavu!"

Ila naye kufungiwa kulimchoma. Akaanza kuunga simu mpaka zahanati ya Puge: waya wa uzio, betri za tochi, shingo za chupa za kushikia waya juu ya miti, spika za redio mbovu alizopewa na Mhindi mwenye duka Mtendeni, kule mjini. Waya ukipita kwako, unachomeka spika yako, nawe umo. Leo mnaita netiweki!

Sheria yake: unaanza na "Upo?", na hukati mpaka mwenzako aseme "Naachia."

Uchungu wa kuzaa ukanishika mto umefurika. Mtoto kakaa vibaya. Mkunga wa Puge ananielekeza kwa spika sikioni, mara kimya. Mti umeanguka na waya. Wallahi nilijua nakufa mle ndani.

Maganga akapiga mwano, ule ukelele wa hatari, kijiji kikatoka. Huyu kaleta waya wa kuanikia nguo, yule spoku za baiskeli, balozi wa nyumba kumi akang'oa springi za kitanda chake! Wakaunga. Sauti ikarudi, imekwaruza: "Upo, mama?"

Nipo!

Binti yangu akazaliwa. Maganga akamwita Springi, na mpaka amepata wajukuu hakuacha. Mshenzi yule.

Springi ndiye aliyekwenda kuzika. Akanipigia, akaweka simu ukingoni mwa kaburi, nikamtukana Maganga, mtumwa wangu wa utani, vizuri, waombolezaji wakacheka huku wanalia. Mwisho nikauliza, "Upo?"

Springi akasema, "Mama, nikate?"

Nikamwambia bado, Maganga hajasema.

Mtani, nimekusubiri mpaka kaburi limefukiwa. Basi leo nakusemea mimi: naachia. Lala salama, mtumwa wangu.